Mstari wa FROM na Tarehe Zake

Ndugu zangu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, nanyi mliotoka kazini Mtumba mkaja moja kwa moja, asanteni. Nitakaa kwenye mstari mmoja tu wa Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji. Mstari huo ni FROM, unaotaja imeji ya msingi mnayojengea juu yake. Huo ndio unaoamua nani atawaletea viraka vya usalama, na mpaka lini.

Kontena, yaani imeji ikiwa inaendeshwa, hutumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya seva linamoendeshwa. Ndani ya imeji kuna sehemu nyingine za mfumo endeshi: maktaba ya C, OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), vyeti. Sasisheni seva usiku kucha, OpenSSL iliyomo ndani ya imeji haiguswi! Hili linaniuma, kwa sababu nawaona vijana hodari wakiandika programu safi juu ya imeji iliyojengwa miaka miwili nyuma. Matundu yote yaliyogunduliwa tangu hapo bado yamo. Dawa ni kuijenga upya, na msingi uvutwe upya kutoka rejista, ghala la imeji mtandaoni. Mkiiacha kache (akiba ya ujenzi uliopita) itumike, hatua ya apt-get, inayosakinisha vifurushi, haitaendeshwa tena. Mtapata tabaka lilelile la zamani huku mkiamini mmesasisha.

Alpine, mojawapo ya imeji za msingi za Linux, inapendwa kwa udogo wake, megabaiti chache tu, na anayelipia bando anajua uzito wa hilo. Ila maktaba yake ya C ni musl, si glibc. Watu wa Python, sikilizeni: vifurushi vilivyojengwa kwa glibc haviingii humo, na kama cha musl hakipo, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, itaanza kujenga kutoka msimbo chanzo, mtasubiri hadi chai ipoe. Mimi kwa Python nachukua Debian slim, imeji ya Debian iliyopunguzwa, yenye glibc. Kwa programu ya lugha ya Go iliyojengwa bila kutegemea maktaba ya C, hata imeji tupu inatosha.

Lakini kabla ya ukubwa, ulizeni tarehe ya mwisho wa viraka. CentOS 8, mfumo mwingine wa Linux, ilitarajiwa kufika 2029. Ikakatishwa Desemba 31, 2021. CentOS 7 ikafuata Juni 30, 2024. Debian 11 mwisho wake ni Agosti 2026, Debian 12 ni Juni 2028, ukihesabu na msaada wa muda mrefu. Ziandikeni kwenye kalenda ya timu, pale penye tarehe za bajeti.

Tagi (lebo ya toleo la imeji) ya latest iacheni; hubadilika bila kuwaaga. Tajeni toleo, mlifunge kwa sha256, alama ya kipekee ya imeji hiyo, kisha mpangie ujenzi wa kila wiki unaoleta sha256 mpya na kuipitisha kwenye majaribio. Anayefunga bila ratiba hiyo amejifungia ndani na matundu yaleyale.