Kichocheo cha Nuru: Kaboni Yako Imetoka Wapi?

Walimu wenzangu na wanafunzi,

Mwaka 1979, Inoue, Fujishima, Konishi na Honda wa Japani walionesha kwamba titani dioksaidi, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani, pamoja na semikondakta nyingine (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi), ukikorogwa majini, ukapitishiwa kabonidioksaidi na kumulikwa, hutoa asidi ya fomiki, fomaldehaidi, methanoli na methani kidogo. Vichocheo vingi vya kazi hii, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila kuisha, vimebuniwa tangu hapo. Rai yangu ni moja: kabla ya kubuni kichocheo, buni njia ya kuthibitisha kaboni iliyo kwenye mazao yako imetoka wapi: kwenye kabonidioksaidi au kwenye uchafu.

Nuru ikiupiga unga, elektroni hupanda ukanda wa juu wa nishati na kuacha tundu lenye chaji chanya. Kwa anatasi, aina mojawapo ya fuwele za titani dioksaidi, pengo kati ya kanda hizo ni elektrovolti 3.2, kwa hiyo inanasa miale isiyozidi nanomita 388 tu, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Wengi hukimbilia kupunguza pengo. Lakini ukilipunguza kwa kushusha ukanda wa juu, elektroni hukosa nguvu ya kuibadili kabonidioksaidi. Kuipachika kabonidioksaidi elektroni moja pekee hudai volti -1.9 (kadiri namba ilivyo hasi zaidi, ndivyo kazi ilivyo ngumu zaidi), na titani dioksaidi haifiki huko. Zikiingia elektroni mbili pamoja na protoni, juu ya uso unaoishika molekuli, kaboni monoksaidi hupatikana kwa -0.53. Tatizo ni kwamba hidrojeni hutoka majini kwa -0.41, tena maji ni moli 55 kwa lita, ilhali kabonidioksaidi iliyoyeyuka ni 0.033 tu kwenye nyuzi 25.

Ndiyo sababu tunachagua metali ya kuweka juu ya unga. Platinamu huipendelea hidrojeni. Shaba huegemea kaboni. Asilimia 1 ya shaba kwenye gramu 1 ya unga ni miligramu 38 za nitrati ya shaba yenye molekuli tatu za maji. Ukizidisha, shaba huziba nuru na kuwa mahali ambapo elektroni na matundu hukutana na kupotea.

Sasa uchafu, unaoharibu majaribio mengi kuliko kichocheo dhaifu. Unga uliotokana na isopropoksaidi ya titani, kemikali yenye kaboni, hubaki na kaboni ndani yake. Asetoni ya kuoshea na grisi ya kifuniko huongeza nyingine. Vyote hivyo vikimulikwa vinaweza kutoa kaboni monoksaidi na methani. Choma unga hewani kwa nyuzi 400, saa 3, kabla ya kuweka shaba. Kisha rudia jaribio zima kwa argoni, gesi isiyo na kaboni, badala ya kabonidioksaidi, na jingine gizani. Methani ikitoka chini ya argoni, gesi yako haihusiki.

Halafu tumia kabonidioksaidi yenye kaboni-13, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, ili uitambue kwenye mashine ya kupima tungamo za molekuli. Kaboni monoksaidi yake husomeka kwenye tungamo 29, lakini nitrojeni ya hewa nayo huacha alama ndogo hapohapo, na methani ya 17 hugongana na kipande cha molekuli ya maji. Kwa hiyo tenganisha gesi kwa kromatografia kwanza, ndipo upime tungamo.

Mwisho, pima oksijeni, ambayo hutoka matundu yakinyang'anya maji elektroni. Kila moli ya kaboni monoksaidi iambatane na nusu moli ya oksijeni, na ya methani iambatane na moli 2. Oksijeni isipoonekana, matundu yamekula kitu kingine: pengine uchafu, pengine trietanolamini, kemikali ya kuyapa matundu elektroni, uliyoitia mwenyewe. Ukiitia, itaje wazi kwenye matokeo, maana hapo maji si chanzo cha elektroni, na kila molekuli ya zao lako imelipiwa kwa kemikali uliyoinunua.