Jirani Aliyekuja na Mchi

MWANAIDI: Chande, kabla hujawasomea wasikilizaji karatasi yako, nina kisa cha Jumanne. Lile igizo langu la mtu mmoja, la mume muuaji. Niko nyumbani nafanya mazoezi, madirisha wazi kwa joto. Nimefika pale mke anapoomba asiuawe, nageuza sauti, mume anafoka. Mlango ukagongwa kama unavunjwa. Jirani wa chini, kanga kiunoni, mchi mkononi: “Yuko wapi huyo mwanamume?”

CHANDE: Mchi wa kinu?

MWANAIDI: Wa kutwangia kisamvu. Akakagua mpaka chini ya kitanda.

CHANDE: Mungu amlinde mama huyo! Dada, hilo lilimpata Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Mwaka 1868 alikuwa anajiandaa kuigiza peke yake mauaji ya Nancy, yale ya riwaya yake Oliver Twist, Nancy anapouawa na mwanamume wake, Sikes. Mwanawe Charley akasikia kelele nje ya nyumba yao kule Kent, Uingereza, akadhani mzururaji anampiga mkewe. Akatoka mbio, akamkuta baba yake mbugani anamuua mtu asiyekuwepo.

MWANAIDI: Charley alibeba mchi?

CHANDE: Sijasikia habari za mchi.

MWANAIDI: Basi jirani yangu kamzidi.

CHANDE: Kamzidi mbali! Lakini sikia. Dickens alipolionja igizo hilo mbele ya wageni London, Novemba mwaka huohuo, Charley alimwambia ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia, ila asikifanye. Akakifanya. Meza ndogo, pazia nyuma, taa za gesi. Mtu mmoja anakuwa Fagin, mzee wa genge la wezi, anakuwa Sikes, anakuwa Nancy. Huko mji wa Clifton wanawake wakazimia, wakatolewa ukumbini.

MWANAIDI: Kwa sababu na yeye alikuwa anaogopa. Daktari wake, Beard, alimpima mapigo ya moyo: kawaida 72, akimaliza Nancy yanafika 124. Mwili haudanganyi, Chande. Ukiwa peke yako jukwaani huna mwenzako wa kukutia hofu. Usipoitoa tumboni mwako, hadhira itaipata wapi?

CHANDE: Kwenye kazi! Kitabu chake cha jukwaani kilijaa maelekezo pembeni, mojawapo: hofu mpaka mwisho. Mtu aliyepagawa hapangi hivyo. Wewe ukiwa mke unatazama juu, ukiwa mume unatazama chini. Ukizama kwenye kilio, ukasahau kuinua macho, mume anapotea jukwaani. Tutaona mwanamke analia, basi.

MWANAIDI: Jirani hakuona macho yangu. Alisikia sauti kupitia sakafu, akachukua mchi.

CHANDE: Kwa sababu hakujua ni igizo! Aliyelipa kiingilio anajua, na bado unatakiwa umtetemeshe. Hiyo ni kazi nyingine.

MWANAIDI: Mimi nikiwa baridi, nasikia uongo kwenye koo langu mwenyewe.

CHANDE: Na mimi nakuhofia, dada. Aprili 1869 Beard alimsimamisha katikati ya ziara, mwili umegoma. Akarudi tena jukwaani mwaka uliofuata, Machi akamuua Nancy mara ya mwisho, Juni akafa. Miaka 58.

MWANAIDI: Alikuwa mgonjwa kabla ya Nancy. Usimbebeshe Nancy kifo.

CHANDE: Sisemi Nancy pekee.

MWANAIDI: Unasema niigize nusu.

CHANDE: Nasema uigize ukiwa macho, ili kesho urudi uigize tena.

MWANAIDI: Sikubali.

CHANDE: Na mimi sirudi nyuma.

MWANAIDI: Haya. Fundi anaonyesha dakika moja. Karatasi yako ilikuwa na nini?

CHANDE: Mafunzo matatu kwa mwigizaji wa peke yake: pumzi, ukimya na mwanga.

MWANAIDI: Kwa dakika moja?

CHANDE: Haiwezekani, ukimya peke yake unataka kipindi kizima. Yaache.

MWANAIDI: Wasikilizaji, mtu wa Tanga aliuliza kuhusu maikrofoni ya kifuani. Hilo tutaanza nalo wiki ijayo.

CHANDE: Kabla ya kitu kingine chochote. Fundi, kata.