Asha Juma Yupi Alipwe?

Wengi wenu mmeshanisikia nikililia jambo hili, na leo nalilia tena kwa sababu bado halijatengenezwa. Nazungumzia majina. Si majina ya filamu, bali majina yenu nyinyi mnaocheza.

Nianze na kina Vanessa Williams. Mmoja, Vanessa Lynn, alizaliwa New York Machi 1963. Wa pili, Vanessa Estelle, alizaliwa hukohuko New York Mei mwaka uleule. Wote Wamarekani weusi, wote waigizaji. Yule wa kwanza ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuvishwa taji la Miss America, Septemba 1983, na magazeti yakajaa sura yake. Lakini alipofika kwenye filamu akakuta mwenzake ameshatangulia kujiandikisha kwa jina hilo kwenye chama cha waigizaji, na chama kile, kilichoundwa 1933, hakitaki wanachama wawili wafanye kazi kwa jina moja. Taji halikumsaidia kitu. Akaweka herufi katikati: Vanessa L. Williams. Mwenzake akajulikana kama Vanessa A. Williams.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1997 inatoka filamu ya Soul Food, kisa cha dada watatu. Teri, dada mkubwa, anachezwa na Vanessa L. Mwaka 2000 kisa hichohicho kinageuzwa tamthilia ya televisheni, inarushwa hadi 2004. Yumo nani? Vanessa A.! Na hachezi Teri, anacheza Maxine, dada mwingine kabisa, ambaye kwenye filamu alichezwa na Vivica A. Fox. Hebu kaeni kwenye kiti cha mhasibu anayetakiwa kulipa fedha za marudio, yaani malipo ya mwigizaji kazi yake inaporushwa tena, ya filamu ile na tamthilia ile. Herufi moja ndiyo inayoamua hundi iende nyumba gani. Herufi moja! Na imeandikwa, imesajiliwa, haibishaniwi.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: mwalimu, hayo ni ya Marekani, sisi tuna majina ya kisanii. Sawa. King Majuto alikuwa mmoja tu, hata asiyejua kwamba jina lake ni Amri Athumani alijua anamwangalia nani. Lakini wangapi wamefika alipofika Majuto? Wewe unayeanza leo unaitwa Mama Kibonge, na mkoa wa pili yuko Mama Kibonge mwingine, na wote mmeanza mwaka mmoja. Ukirudi kwenye jina la kuzaliwa ndiyo kabisa, maana kwetu mtu hubeba jina lake na la baba yake. Asha mwenye baba Juma wamejaa kuanzia Tanga hadi Kigoma.

Kisha tazameni mwisho wa filamu zetu nyingi. Wimbo unapigwa, maandishi yanapanda mbio: "Asha – Mama Mwenye Nyumba. Dulla – Polisi 1. Juma – Juma." Halafu "na wengineo". Huyo Asha ni nani? Miaka kumi ijayo kituo cha televisheni kikinunua filamu hiyo, atadai vipi malipo yake? Ukituma pesa kwa simu, hata shilingi elfu mbili, mtandao unakuonyesha jina kamili la mpokeaji kabla hujabonyeza. Kazi ya miezi mitatu tunaiandika kwa jina moja. Hili linaniudhi, na sitaacha kulisema.

Wengine waliamua kubadili kabisa. Mwigizaji Michael Keaton alizaliwa Michael Douglas, akakuta jina hilo limeshachukuliwa na mwigizaji mwingine. Stewart Granger, yule Mwingereza aliyeletwa Afrika Mashariki kupiga picha za King Solomon's Mines ya 1950, jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Stewart, na James Stewart wa Hollywood alishajulikana. Wote wawili walibadili mapema, kabla majina hayajawaganda.

Na msidhani kifo kinafuta mgongano. Huwa naulizwa: "Steve McQueen si alikufa zamani?" Ndiyo, mwigizaji alifariki 1980. Aliyemwongoza Lupita Nyong'o hadi akapata Oscar 2014 ni mwingine, Mwingereza mweusi aliyezaliwa London 1969. Kwenye mtandao tunawatenganisha kwa sababu kuna watu waliokaa wakaandika nani ni nani. Kina Asha wetu nani amewaandika?

Mikataba nilitaka niizungumzie kirefu, lakini naonyeshwa saa. Basi kwa ufupi: wekeni majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na jina la kisanii liandikwe pembeni yake. Mtayarishaji akikwambia "andika tu la kisanii, tunajuana", kalamu iweke chini mpaka abadilishe karatasi. Hata akinuna.

Haya, nani ana swali? Na ukisimama, taja majina yako yote matatu.