Kufunga moduli za kudhibiti kengele ya moto: rezista inakaa mwisho wa laini

Habari zenu mafundi, na nyinyi wenye majengo mnaotazama ili mjue fundi wenu anafanya nini huko juu ya dari. Karibuni.

Leo tuko Sinza, Dar es Salaam, ndani ya lodge ya ghorofa nne. Paneli ya kengele ya moto iko pale chini mapokezi. Vigunduzi vya moshi vimeshafungwa na lupu imeshazungushwa jengo zima. Kilichobaki ni moduli mbili hapa korido ya ghorofa ya tatu: moja ya kupiga ving'ora, nyingine ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ambayo itaachia ule mlango wa ngazi unaoshikwa wazi na sumaku. Dogo anashika kamera, mimi nashika bisibisi. Kamera ikitikisika, mlaumuni yeye.

Tuelewane kwanza kuhusu lupu. Ni waya mbili zinazotoka kwenye paneli, zinapita kifaa hadi kifaa, halafu zinarudi palepale kwenye paneli. Kila kifaa kina namba yake, na paneli inaviita kimoja kimoja mchana na usiku, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Kigunduzi kikiitwa kinajibu "nipo, hakuna moshi". Moduli ya kudhibiti nayo inajibu "nipo", lakini kazi yake hasa ni kupokea amri: paneli ikisema piga, inapiga, ikisema achia, inaachia.

Sasa kazi. Kabla ya kugusa waya wowote, waambie watu wa mapokezi na mlinzi kwamba leo kutakuwa na kelele, asije mtu akapiga 114 na kuwaita Zimamoto bure. Halafu shuka kwenye paneli, zima umeme wa TANESCO na uchomoe betri. Betri ndizo zinazosahaulika. Ziko mbili za volti 12, zimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo hata umeme ukizimwa bado una volti 24 kwenye waya. Volti 24 hazitakurusha, lakini bisibisi ikiteleza ukapiga shoti, kadi ya lupu inaweza kuungua, na kadi hiyo huipati kama balbu kwenye kila duka la Kariakoo.

Anza na anwani, moduli ikiwa bado mkononi. Sogeza kamera hapa, dogo. Karibu zaidi. Unaona hivi viduara viwili vidogo vyenye mshale? Cha kushoto ni makumi, cha kulia ni mamoja. Mchoro wetu unasema moduli ya ving'ora ni namba 31, kwa hiyo makumi yanakaa 3 na mamoja yanakaa 1. Tumia bisibisi ndogo kabisa, na usilazimishe. Moduli yako ikiwa na safu ya viswichi vidogo badala ya viduara, hapo ni kujumlisha: kila kiswichi kina thamani yake, 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Ili upate 31 unawasha vitano vya kwanza. Vifaa viwili vikipewa namba moja, paneli itakupigia kelele ya hitilafu na utahangaika kuzunguka ghorofa nzima. Tena kuna paneli ambazo vigunduzi vina orodha yao na moduli zina yao, na kuna ambazo wote wanagombania orodha moja. Soma kitabu cha paneli yako, usikariri ya jana.

Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye uso wa moduli na ndani ya boksi pia. Mfuniko unaweza kubadilishwa na fundi mwingine. Boksi linabaki.

Kebo tunayotumia ni hii nyekundu ya kuhimili moto, ya waya mbili, milimita za mraba 1.5. Chubua ganda la nje taratibu, halafu chubua waya kama milimita 7 au 8, itoshe kuingia kwenye terminali, yaani tundu la skrubu la kufungia waya, bila shaba kuchungulia nje. Kama kebo yako ina ganda la alumini na ule waya mtupu wa ardhi, unganisha ule mtupu na mwenzake wa kebo inayoendelea, uufunge mpira vizuri, usiguse boksi la chuma. Unaungwa na ardhi upande mmoja tu, kwenye paneli.

Upande wa lupu ni mwepesi: chanya inaingia na kutoka, hasi inaingia na kutoka. Moduli nyingi zina terminali mbili tu za lupu, kwa hiyo waya inayoingia na inayoendelea zinakaa pamoja chini ya skrubu moja. Ila usikunje waya mzima ukauzungusha kwenye skrubu bila kuukata. Ukate, uingize ncha mbili. Waya usiokatwa ukilegea kwenye skrubu, lupu itaendelea kupita kama kawaida huku moduli yako imekufa peke yake.

Jozi ya pili ni volti 24 za kupigia ving'ora. Hizi hazitoki kwenye lupu, zinatoka kwenye pato la umeme la paneli, au kwenye pawasaplai ya pembeni yenye betri zake. Moduli nyingine hazina macho upande huu: volti 24 zikikatika hazisemi chochote mpaka siku ya kuhitajika. Kama yako ni ya namna hiyo, funga rilei ya kuchunga mwishoni mwa laini ya umeme ili umeme ukikatika ijulikane.

Sasa tumefika ninapotaka mnisikilize vizuri. Jozi ya tatu, ya kwenda kwenye ving'ora.

Ving'ora vyetu viko vinne, kila kimoja na taa yake ya kumweka. Kebo inatoka kwenye moduli, inaingia king'ora cha kwanza, inatoka, inaingia cha pili, mpaka cha nne. Haigawanyiki njiani. Ukikata tawi la pembeni kama unavyofanya kwenye soketi za nyumbani, tawi hilo halichungwi na mtu. Na kwenye king'ora cha mwisho, kati ya chanya na hasi, unaweka hii rezista, kipande kidogo kinachozuia umeme kwa kiasi maalumu. Ione hapa: njano, zambarau, chungwa. Ni omu 47,000, omu ndiyo kipimo cha uzuiaji huo. Ndiyo iliyokuja ndani ya boksi la moduli hii. Moduli nyingine inataka 10,000, ambayo ni kahawia, nyeusi, chungwa. Usichanganye, na usitupe boksi ukidhani ni takataka.

Kwa nini mwisho? Wakati hakuna moto, moduli inasukuma umeme kidogo sana kwenye laini hii, tena kinyumenyume: chanya imekuwa hasi. Ndani ya kila king'ora kuna diodi, mlango wa upande mmoja, kwa hiyo umeme huo hauingii kwenye king'ora. Unapita moja kwa moja mpaka kwenye rezista, unarudi. Moduli inapima: nimeona omu 47,000, laini ni nzima. Waya ukikatika popote, inaona hakuna kitu, inaripoti. Ukigusana, inaona sifuri, inaripoti. Siku ya moto inageuza mwelekeo, diodi zinafunguka, ving'ora vinalia. Ndiyo maana ukigeuza chanya na hasi kwenye king'ora kimoja, mambo yanaharibika: wakati wa amani diodi yake inaachia umeme wa kuchunga na laini inaonekana mbovu, na wakati wa moto hicho kimoja kinakaa kimya.

Sasa fundi mvivu, au aliyechoka saa kumi na moja jioni, anaifunga rezista hapahapa kwenye terminali za moduli. Paneli inaona 47,000, kitaa kijani, mwenye jengo analipa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, sitaki kujificha. Dari ilikuwa ndefu, ngazi fupi, nikasema nitarudi kesho. Sikurudi. Baada ya miezi kadhaa tukaenda kufanya majaribio, ghorofa nzima kimya. Nikapanda juu nikakuta panya ametafuna kebo mita tatu tu kutoka kwenye moduli, na muda wote huo paneli ilikuwa kijani kama shamba la mpunga. Rezista yangu ilikuwa inamjibu mwalimu kwa niaba ya watoro. Toka siku hiyo rezista naifunga mwenyewe, simwachii mtu.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha laini hii kwenye moduli, ipime. Weka mita kwenye omu. Ncha nyekundu kwenye waya hasi, nyeusi kwenye waya chanya, ndiyo, kinyume. Tunasoma... 46.8. Hiyo ni elfu 46 na mia nane, rezista ina uvumilivu wake, hiyo ni sawa. Ukigeuza ncha, namba inaweza kubadilika kwa sababu ya zile diodi, usishtuke. Ukipata sifuri, tafuta shoti. Mita isiposoma kitu, kuna mahali pamekatika. Na kama unataka kupima uimara wa ganda la kebo kwa mega, ile mita ya kusukuma volti 500, ifanye kabla ya kufunga kifaa chochote. Volti 500 ndani ya moduli ni kuichoma.

Hesabu kidogo, wasiopenda hesabu mvumilie. Kila king'ora na taa yake kinakula kama miliampia 100, vinne ni ampia 0.4. Kebo kutoka hapa mpaka mwisho ni mita 60, kwenda na kurudi 120. Shaba ya 1.5 ina kama omu 12 kwa kilomita, kwa hiyo tuna karibu omu moja na nusu. Zidisha kwa 0.4, tunapoteza volti 0.6. Hiyo haitusumbui. Lakini mtu mwenye ving'ora kumi na kebo ya mita 100 anapoteza karibu volti mbili na nusu, na betri zikiwa zimeshuka, king'ora cha mwisho kitakoroma badala ya kulia. Angalia kibandiko cha king'ora uone volti yake ya chini kabisa.

Moduli ya rilei, namba 32. Hii haitoi umeme, ni swichi tu. Ina terminali tatu: ya kati, iliyo wazi kawaida, na iliyofungwa kawaida. Sumaku ya mlango inataka volti 24 muda wote ili iushike mlango. Tunapitisha chanya yake kwenye ya kati na ile iliyofungwa kawaida. Paneli ikitoa amri, swichi inafunguka, sumaku inaachia, mlango unajifunga wenyewe na moshi haupandi ngazi. Umeme ukikatika kabisa, mlango unajifunga pia, na ndivyo tunavyotaka. Sumaku ikiwa haina diodi ndani, weka yako, 1N4007 inatosha, mstari wake mweupe ukielekea chanya, ili cheche ya koili isile ncha za rilei.

Mtu ataniuliza: naweza kupitisha feni ya volti 230 kwenye rilei hii? Hapana. Soma ampia zilizoandikwa kwenye karatasi yake, ni chache, na hizo ni za umeme mdogo. Tumia rilei kuamsha koili ya volti 24 ya kontakta, ile swichi kubwa ya umeme mwingi, kontakta ndiyo ibebe feni, tena ikae kwenye boksi lake. Na lifti: unampelekea fundi wa lifti swichi yako kavu, yaani isiyo na umeme wake, ndani ya paneli ya lifti anaingia yeye.

Haya, tunawasha. Umeme, kisha betri. Vitaa vya moduli vinakonyeza, maana yake zinaitwa na zinajibu. Kwenye paneli nazipa majina: 31, ving'ora ghorofa ya tatu, 32, mlango wa ngazi ghorofa ya tatu. Halafu naandika kanuni kwamba kigunduzi chochote cha ghorofa hii au kitufe cha kuvunja kioo kiziamshe zote mbili.

Sasa majaribio, na usianze na moshi. Anza kwa kuharibu. Dogo, nenda kwenye king'ora cha nne, chomoa mguu mmoja wa rezista. Tunasubiri... paneli za kiwango cha Ulaya cha EN 54 zinatakiwa kutoa hitilafu ndani ya sekunde 100. Hiyo hapo: 31, laini imekatika. Rudisha. Imefutika. Sasa gusanisha waya mbili kwa sekunde chache. 31, shoti. Safi. Ndipo tunapuliza moshi wa kopo kwenye kigunduzi cha korido.

Mnasikia? Vinne vyote, na mlango ule umejifunga. Nimeingia chumba cha mwisho na kufunga mlango, kipimo cha sauti kinasoma desibeli 77 pale kitandani. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839 ambacho wengi tunakifuata kinataka 75 kichwani mwa aliyelala, kwa hiyo mgeni ataamka.

Nyamazisha, rudisha paneli, hakikisha mlango umeshikwa tena na sumaku. Kisha kwenye daftari la kengele pale mapokezi andika tarehe, namba 31 na 32, na sehemu ambayo rezista ipo: king'ora cha nne, mbele ya chumba 312.