Jinsi ya kupasua mwamba wa sheli kwa maji: jaribio la chupa na jelatini

Karibuni. Leo tunapasua mwamba, na mwamba wetu ni jelatini. Sheli ninayoisema si ile ya kujazia mafuta. Ni tope la kale lililogandamizwa mpaka likawa jiwe. Gesi imo ndani, ila vinyweleo vyake ni vidogo mno, haipiti. Ile ya Songo Songo imo kwenye mwamba wa mchanga, ukiifikia inapanda yenyewe.

Chukua chupa laini ya maji ya lita moja, ikate shingo. Koroga jelatini nzito, mara tatu ya pakiti inavyosema, uimimine. Kabla haijaganda, simamisha mrija katikati, na ndani yake pitisha kijiti cha mishikaki kitokeze kidogo kwa chini. Usikisahau hicho kijiti, maana mrija ukiziba kazi yote imeharibika. Weka kwenye friji ilale usiku kucha.

Asubuhi chomoa kijiti taratibu. Bana chupa kwa mbao mbili, kushoto na kulia, funga kamba mpaka tumbo la chupa livimbe kwa mbele. Vuta maji ya rangi nyekundu kwa bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, liunge na mrija kwa selotepu, kisha sukuma. Polepole! Kidole gumba kinakutana na ugumu, unazidi, unazidi, mara unaachia. Hapo hapo tazama: rangi imetanda kama jani jembamba, imesimama wima, kutoka ubao huu kwenda ule.

Ufa hufungukia upande usiobanwa sana. Wanasayansi Hubbert na Willis walilionyesha hili mwaka 1957, kwa jelatini vilevile. Ndiyo maana kule kwenye sheli ya Barnett, Texas, kisima kinashuka kama kilomita mbili, halafu kinalala kufuata upande huo, nyufa zikikikatiza mmoja baada ya mwingine kama boflo linavyokatwa vipande.

Sasa vuta bomba nyuma. Umeona? Ufa umefumba. Kisimani nao hufumba pampu zikizimwa, kwa hiyo maji hupelekwa na mchanga. Punje ndizo zinazobaki zimeushikilia wazi. Mwaka 1998 wahandisi wa kampuni ya gesi ya George Mitchell waliacha jeli nzito ya gharama iliyobeba mchanga, wakatumia maji mengi yenye kilainishi kidogo, na Barnett ikaanza kulipa.

Tengeneza chupa ya pili, maana hii imeshapasuka. Safari hii mbao zikae mbele na nyuma, uone ufa ukigeuka.