Fungu la Ming'oko

SOMOE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Mtwara. Mliokuwa nasi tangu mwanzo mnajua kwamba kaka Hamisi yuko katika mwaka wake wa tisa wa kuchoma insulini, na kwamba mimi nimeolewa na mtu mwenye ugonjwa huohuo, kwa hiyo hayo hatutayarudia. Nimeandika mambo matano ya kuwaeleza kuhusu hasira zinazowapanda wenye kisukari, lakini naona mwenzangu ameingia na uso wa mtu aliyekosea.

HAMISI: Nilidhulumiwa kwanza, dada, ndipo nikakosea. Jumanne alfajiri nilichoma sindano, nikawahi ghala la chama cha msingi kwa sababu magunia ya korosho yalikuwa yamepanga foleni tangu usiku, na nikajiambia kwamba chai nitaikuta hukohuko. Chai hiyo sikuiona. Saa tano nikapita kwa bibi anayeuza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, njia ya Chikongola, nikalipa, nikafungua kifurushi na kukuta ming'oko mitano, ilhali kwa bei ileile fungu lake huwa na minane. Basi nikatamka maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikambwagia kifurushi chake mezani.

SOMOE: Bibi wa umri wa mama yako mzazi.

HAMISI: Wa umri wa mama yangu, naam. Sikufika mbali. Jasho lilinitiririka mgongoni, na mikono ikatetemeka hata nikashindwa kufungua zipu ya kimkoba cha kipimo. Bibi yuleyule ndiye aliyenisogezea kigoda, na mjukuu wake akanifungulia. Kipimo kikasoma 3.2. Alinikorogea vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha maji, nikanywa, na baada ya dakika 15 nikapima tena nikakuta 4.6. Hasira ilikuwa imekwisha, imebaki aibu.

SOMOE: Hapo umeligusa jambo langu la kwanza. Insulini bila chakula hushusha sukari ya damu, nayo ikishuka chini ya 4, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mwili humwaga adrenalini, homoni ileile inayotuandaa kupigana au kukimbia, ili ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Ndiyo maana moyo hudunda, jasho hutoka, na mtu huona matusi mahali ambapo jana aliona utani. Ubongo nao hutegemea sana glukosi, yaani hiyohiyo sukari ya damu, na ukipungukiwa nayo, miongoni mwa vinavyoyumba ni ile busara ambayo ingemwambia mtu kwamba amebadilika. Kwa hiyo aliye karibu naye hana budi kumuuliza: "Umepima?"

HAMISI: Swali hilo nimelipiga marufuku nyumbani kwangu.

SOMOE: Kwa nini?

HAMISI: Kwa sababu tangu nilipogunduliwa, sina tena hasira iliyo yangu. Shemeji yangu amekaa na deni langu miezi minane, na siku niliyopaza sauti, ukumbi mzima uligeuka kuniuliza kama nimepima. Nilipima mbele yao, nikapata 6.5, sukari iko sawa kabisa, na deni halijalipwa hadi leo. Mtu mzima akinyimwa hata haki ya kukasirika, atabakiwa na nini?

SOMOE: Nami nitakueleza yangu. Mwaka jana tulikuwa na harusi ya ukoo, wali na maandazi siku nne mfululizo. Baba wa watoto akawa anaamka kukojoa mara tatu au nne kila usiku, mchana ana kiu na uchovu, na kila nililosema alilijibu kwa mkato. Hasira ya sukari kushuka huja kwa dakika chache kama yako, lakini ya sukari kupanda huingia polepole, siku baada ya siku, hata ukadhani ndiyo tabia yake mpya. Nilikwisha kuamini kwamba amenichoka. Tulipopima tukakuta 17. Tangu siku hiyo nauliza, na nitaendelea kuuliza hata akininunia.

HAMISI: Uliza, lakini sikiliza kwanza analolalamikia.

SOMOE: Na kama analolalamikia limeletwa na hiyo sukari? Basi usiulizwe kama umepima, uulizwe kama umekula.

HAMISI: Huko ni kulivalisha kanga swali lilelile. Fungu la bibi lilikuwa pungufu, dada. Sukari yangu ilishuka, sikatai, na matusi yalikuwa makosa, lakini fungu lilikuwa pungufu.

SOMOE: Uliihesabu saa ngapi, kabla ya 3.2 au ndani yake?

HAMISI: Ming'oko huhesabiwa kwa macho, haihitaji glukosi.

SOMOE: Macho nayo hutumia ubongo. Halafu kuna jambo ninalotaka msikilizaji alishike: hata angekula fungu zima pale pale, angeendelea kutetemeka, kwa sababu mng'oko ni wanga, nao huchelewa kufika kwenye damu. Kinachotakiwa ni kitu kitamu cha haraka, yapata gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai, au soda ya kawaida isiyozidi nusu ya chupa ndogo, kisha kusubiri dakika 15 na kupima upya. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Chakula cha kushiba kinafuata baadaye, na hapo ndipo ming'oko inapopata kazi.

HAMISI: Nayo ilifanya kazi. Nilikula mitatu palepale kwenye kigoda, ikabaki mitatu.

SOMOE: Mitatu na mitatu ni sita, kaka.

HAMISI: Nilisema sita.

SOMOE: Ulisema mitano, na wasikilizaji wamekusikia.

HAMISI: Mmoja ulikuwa mwembamba, sikuupa hesabu.

SOMOE: Kwa hiyo kadiri sukari yako inavyokaa sawa, ndivyo fungu la bibi linavyoongezeka.

HAMISI: Unaona sasa! Hata hapa studio, nikitetea haki yangu, unanijibu kwa sukari. Kesho nikiibiwa baiskeli, polisi watadai kipimo kwanza.

SOMOE: Sijasema una uongo. Nimesema ulikuwa na 3.2.

HAMISI: Na mimi nimesema mtu anaweza kuwa na 3.2 na kupunjwa, vyote kwa wakati mmoja.

SOMOE: Fundi wetu ananionyesha vidole viwili, tumebakiwa na dakika mbili, na katika mambo yangu matano nimetoa moja na kipande. Lile la sonona, na la mtu aliyechoka tu kuhesabu kila tonge miaka nenda rudi, hayasemeki kwa dakika mbili, basi karatasi naikunja. Umemwomba bibi radhi?

HAMISI: Nilirudi jana na kilo moja ya sukari. Akacheka, akaniambia kwamba alinijua nilivyoanza kulowa jasho, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa hivyohivyo.

SOMOE: Na fungu, alisemaje?

HAMISI: Alisema aliniwekea saba.

SOMOE: Saba!

HAMISI: Hata ikiwa saba, dada, si minane.