Namna ya Kumpa Mkandarasi Kazi ya Kuchimba Kisima cha Nyumbani, Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum, watazamaji wetu. Katika video hii tutafuatana katika kazi ya kumchagua na kumsimamia mkandarasi wa kuchimba kisima cha mashine nyumbani, kazi ambayo visiwani kwetu ina jambo moja ambalo ni lazima lieleweke kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni: kuchimba chini zaidi si lazima kukupatie maji mengi, kwani kunaweza kukuvusha kwenye maji matamu na kukufikisha kwenye chumvi.

Tazameni mchoro huu. Maji ya mvua yanayopenya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 nyengine chini ya usawa huo, na kwa hivyo ukivuta kwa pupa hata maji yakashuka nusu mita, chumvi inaweza kupanda kiasi cha mita 20. Kwenye ardhi ya mawe ya pwani, kama Paje, Jambiani na Nungwi, tabaka la maji matamu ni jembamba.

Mkandarasi, kwa kawaida, hulipwa kwa mita. Kwa mama yangu mdogo, huko pwani ya mashariki, maji matamu yalipatikana kwenye mita 9, lakini mchimbaji akashauri waendelee hadi mita 30 "ili yasije yakakauka". Haikupita miezi miwili, sabuni ikawa haitoi povu na chai hainyweki. Aliyechimba alikuwa ameshalipwa mita zake zote. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu zilikuwa akiba za miaka.

Hatua ya kwanza, basi, si kutafuta bei. Nendeni kwa sheha, kisha Mamlaka ya Maji Zanzibar, yaani ZAWA, mkaulizie utaratibu wa kibali na habari za visima vya jirani. Zungukeni mtaani na kipimo kidogo cha chumvi ya maji, mkiandika kina cha kila kisima na namba inayosomeka. Maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa kila lita kwa kawaida hunyweka vizuri. Yakizidi 1,000 ladha huanza kukataa. Angalieni pia karo la choo, lenu na la jirani. Wengi hushauri umbali usiopungua mita 30, lakini jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na maji machafu hupita humo bila ya kuchujwa, kwa hivyo mkiweza kusogea mbali zaidi, sogeeni.

Hatua ya pili ni mkataba, na hapa ndipo pa kukaa kitako. Mwulizeni mkandarasi visima alivyochimba katika shehia za karibu, mkavione na kuyaonja maji yake nyinyi wenyewe. Kisha muandikiane kwamba uchimbaji utasimama pale kipimo cha chumvi kitakapovuka kiwango mlichokubaliana, hata kama mita zilizokadiriwa hazijatimia. Atakayekataa sharti hilo mwacheni, hata awe na bei nafuu. Malipo yagawanywe mara tatu: mashine inapofika, mabomba na kokoto zinapokamilika kuwekwa, na fungu la mwisho, lisilopungua asilimia 30, baada ya majibu ya maabara. Sheha au mtu mzima wa mtaa awe shahidi.

Siku ya kuchimba, msiondoke. Hapa mnaona gunia limetandikwa, na juu yake vichungu vya unga wa jiwe, kimoja kwa kila mita: hiki cheupe kikavu ni cha mita ya nne, hiki cha rangi ya maziwa kilichoganda kama uji ndipo unyevu ulipoanza. Hesabuni vyuma vya kuchimbia kimoja kimoja, na mwisho teremsheni kamba yenye uzito ili kina kipimwe mbele yenu. Hakikisheni pia kwamba mita 3 za juu, nje ya bomba, zimezibwa kwa saruji ili maji ya juu yasiingie.

Baada ya hapo kisima kivutwe kwa pampu saa 24 mfululizo, ikiwezekana wakati wa bamvua, kwa sababu katika muda huo bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili, na kisima cha pwani hupanda na kushuka nayo. Pimeni chumvi kila saa na muandike. Namba ikitulia, ni dalili njema. Ikipanda bila ya kusita, pampu ipunguzwe kasi, au sehemu ya chini ya kisima izibwe. Wanaochimba mwishoni mwa kaskazi, kabla ya masika, hukiona kisima katika hali yake ya uchache, na huo ndio wakati ninaoupendelea.

Mwisho, kisima kisafishwe kwa klorini na klorini itolewe yote kabla ya kuchukua sampuli ya maabara. Sampuli ichukuliwe mbele yenu, kwenye chupa ya maabara yenyewe, na majibu yaje mikononi mwenu, si mwa mkandarasi. Mkishayasoma, na vijidudu vya kinyesi havikuonekana, ndipo mumkabidhi fungu lake la mwisho na kuchukua risiti.